Nilinawa Kabla ya Wakwe

Siku ile ya Kimali, kwa wakwe zetu, naikumbuka vizuri, mwanangu. Ndiyo siku niliyonawa mikono wakati wenzangu wote bado wana matonge vidoleni. Wapo watu wa ukoo wetu ambao hadi leo hawajanisamehe. Wasinisamehe. Mimi nipo hapa Ngulyati, nimekula chumvi nyingi kuliko wao, na ninaposema chumvi nasema miaka, maana ile ya mezani niliipunguza zamani. Asubuhi hii nimetoka kupalilia pamba wakati wewe huko mjini bado unatafuta viatu.

Kulwa, wewe ni mjukuu wangu, na kwa desturi mimi na wewe ni watani. Ungekuja hapa siku nyingine na hilo tumbo ningelipa jina tukacheka wote. Leo nakuita mwanangu kwa sababu sitaki utani. Mama yako Minza alinipigia simu jana akaniambia kwamba Jumamosi mnakwenda kupokea ng'ombe wa mahari ya pacha wako Doto, na kwamba ukoo wa baba yako umekuchagua wewe uongoze ujumbe. Nikamuuliza, kwa nini Kulwa, na wakubwa zake wapo? Alinizungusha kidogo kwa maneno. Halafu akasema, "Baba mdogo, wanasema ana mwili."

Niliposikia neno hilo nilikata simu, nikatoka nje, nikaenda kusimama kwenye zizi mpaka hasira ikapungua. Haijaisha. Ndiyo maana nakuandikia.

Wewe umekulia shuleni na ofisini, huenda hujui wanakutaka kwa kazi gani. Kwetu ujumbe wa kupokea ng'ombe una kiongozi wake, na kazi yake ya kwanza si kusema. Ni kula. Sinia likiwekwa, yeye ndiye anayemega tonge la kwanza, na yeye ndiye anayefunga kula kwa kunawa. Akinawa, wote wananawa, na hapo ndipo maneno ya ng'ombe yanapoanza. Akikaa sana kwenye sinia, wenyeji wanajua wameheshimiwa. Akiondoka mapema, amewatukana. Tena anatafutwa mtu mnene, ili wenyeji wamtazame waseme, hawa hawakuja kwa njaa, tukiwatolea ng'ombe waliokonda tutaaibika. Kwa hiyo mwanangu, usifikiri wamechagua akili yako. Wamechagua tumbo lako, nawe umelibeba tu.

Kazi hiyo katika ukoo wetu ilikuwa ya kaka yangu Maduhu, babu yako mzaa mama. Hukumfahamu, ulikuwa bado unatambaa alipofariki. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, wa kucheka hadi kiti kinalia. Hakuna mahari iliyopokelewa huku bila yeye. Alikula nyama ya mafuta na ugali wa mlima kwa watu asiowajua majina, akashushia soda au pombe, kesho akaamkia kwa wengine. Watu walimsifu. Akipanda mwinuko mdogo wa kwenda kanisani anasimama kuhema, wakasema mtu mkubwa hana haraka. Akikoroma wakasema analala usingizi wa tajiri. Miguu ikaanza kuvimba, kichwa kinamzunguka, anaamka kila mara kwenda kukojoa, naye akasema ni umri, na hakuwa na umri wowote wa kulalamikia. Hospitali walimwonya kuhusu presha. Alirudi akituchekesha kwamba daktari mwenyewe ni mwembamba, atajuaje mambo ya watu wanene.

Msimu mmoja wa kuuza pamba alikuwa amesimama karibu na mzani, anasubiri zamu yake. Mkono wa kulia ukakataa. Alijaribu kuniita, mdomo ukaenda upande. Tulimbeba watu wengi, na tulipomfikisha Bariadi walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani akiwa na nusu ya mwili na neno moja tu, "ee". Ukimuuliza anataka maji, ee. Ukimuuliza anaumwa wapi, ee. Mama yako Minza, binti ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuchumbiwa na baba yako Sayi, ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko na kumfuta kidevu.

Unajua ukoo ulifanya nini? Walikaa kikao, Maduhu amelala chumba cha pili anawasikia, wakasema nafasi yake aishike Masanja. Masanja ndiye mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, natembelea gari la kununulia pamba kijiji hadi kijiji, sishuki hata kwenda dukani, na tumbo langu lilikuwa linanitangulia mlangoni. Baba yetu mdogo, Mzee Seni, ndiye aliyesema, "Na yeye ana mwili." Maneno hayohayo.

Ila kabla ya hapo, siku nilipompeleka Maduhu kliniki, daktari alinitazama mimi badala ya mgonjwa. Alikuwa mama mmoja mkali, asiyependa kucheka. Akanifunga ule mkanda mkononi, akapima na damu. Akaniuliza, "Wewe ni ndugu yake wa damu?" Nikasema ndiyo, mdogo wake. Akasema, "Presha yako iko juu na sukari imeanza kupanda. Ukiendelea hivi, wewe ndiye unayefuata kitanda hicho."

Akanieleza bila kunipamba. Mafuta tunayoyaona tumboni, mengine yako ndani yanabana viungo. Moyo unasukuma damu kwa shida kama mtu anayepanda mlima kila siku. Sukari inaharibu macho, figo na miguu polepole bila kelele. Magoti yanachoka kubeba mzigo ambao hayakuumbiwa. Nikamwomba dawa ya kukata tumbo. Akasema ya presha atanipa na niimeze kila siku bila kujifanya mjanja, lakini ya tumbo hana, na yeyote atakayeniuzia stendi ananiibia. Tumbo litaondoka kwa sahani na kwa miguu, tena halitaondoka haraka.

Nilitoka pale nimechukia. Sikumchukia daktari. Nilichukia zile sinia, nikachukia sifa zote tulizopewa mimi na kaka yangu na watu waliokwenda zao wakiwa wazima. Nikasema moyoni, mimi hamnilishi mpaka nianguke.

Bibi yako Holo, mke wangu, hakuuliza maswali mengi. Ugali akaupunguza nusu, nusu nyingine ya sahani akajaza mlenda, kunde na mchicha. Samaki wa Busega akaacha kuwakaanga, akawachemsha na nyanya. Chai ikaja bila sukari, na siku ya kwanza niliinywa nimekunja uso kama mtoto anayekunywa mwarobaini. Soda nikaziacha kabisa, pombe nikaiacha baada ya kugombana nayo sana. Vijiji vya karibu nikaanza kuviendea kwa miguu, gari linakuja nyuma na mizani. Dereva alidhani nimerukwa na akili. Na jembe nililokuwa nimempa kibarua, nikamnyang'anya.

Usidhani ilikuwa rahisi, mwanangu, na akikuambia mtu ni rahisi anakuuzia kitu. Wiki za mwanzo nilikuwa mkali hata kwa kuku. Mara mbili tatu nilijificha kwa mama ntilie nikala kama zamani, nikarudi nyumbani nina aibu, kesho nikaanza tena. Uzito uliondoka taratibu sana. Lakini pumzi ilirudi mapema, na magoti yakanyamaza. Siku moja niliinama kufunga kamba za viatu, nikashangaa kwamba nimezifunga bila kuhema.

Kisha maneno yakaanza. Wakasema Masanja kafilisika. Wakasema ana ule ugonjwa wasioutaja. Wengine wakamsema Holo kwamba ananinyima. Walikuja hadi akina mama wa jumuiya, wakakaa sebuleni na nyuso za msiba, wakatuuliza kama tunahitaji maombi. Holo akawaambia tunahitaji, waombe wao wapunguze mafuta. Walipokuwa wakinisifu sikuwa mzima, na nilipoanza kuwa mzima wakanipa pole. Tangu hapo niliacha kuuliza watu wananionaje.

Sasa ikafika siku ya kwenda Kimali, kule Meatu, kupokea ng'ombe wa mama yako. Ukoo ulikuwa umehangaika, maana kiongozi wao amepungua. Kumbadilisha haikuwezekana, mimi ndiye baba mdogo wa binti na baba mwenyewe haamki. Unajua walichofanya? Walinivisha. Sweta mbili, na juu yake koti la Maduhu, lile koti lake zito la sherehe. Mzee Seni alinifunga vifungo mwenyewe, akanipapasa tumboni, akasema, "Angalau unaonekana mtu." Jua la Meatu unalijua. Nilifika kwa wakwe jasho linachuruzika hadi kwenye soksi.

Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Nkwabi, baba yake Sayi, babu yako wa upande wa pili. Mtu mrefu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. "Mwangaluka," akatusalimu, tukaitikia. Tukakalishwa. Sinia likaja limebebwa na wanawake wawili. Ugali, mlenda, nyama ya ng'ombe inayoogelea kwenye mafuta, mbavu za mbuzi, bakuli la maziwa ya mgando yaliyotiwa samli, na kreti la soda pembeni. Wakatunawisha. Wote wakanitazama.

Nilimega tonge. Nikala kwa mlenda, nikachukua kipande cha nyama kisicho na mafuta, nikakitafuna vizuri. Nikamega tena, na tena kidogo. Chakula kilikuwa kitamu, nakiri, mate yalinijaa. Nikamkumbuka Maduhu na kile kijiko. Nikamwambia yule mama mwenye jagi, "Mayu, niletee maji."

Nikanawa.

Mzee Seni alikuwa na tonge nusu ya safari kwenda mdomoni. Likabaki hapohapo, kwa sababu kiongozi akinawa hakuna anayekula. Ujumbe wetu wote ukawa umekaa mbele ya nyama, mikono hewani, wananitazama kwa macho ya kuniua. Mzee Seni akanong'ona, "Masanja, rudisha mkono." Sikuurudisha.

Mzee Nkwabi akauliza polepole, "Chakula chetu kina nini?"

"Hakina kitu, baba. Ni kizuri."

"Basi unatuogopa. Unadhani tumekitia kitu."

 Huku kwetu mtu akidhaniwa amemshuku mwenzake kwa chakula, undugu unaweza kufa palepale na usifufuke. Nilijua nikikosea neno moja, Minza hana ndoa. Sayi alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, naona alivyoshika fito kwa nguvu.

Nikasimama. Nikafungua koti la Maduhu, nikalivua. Nikavua sweta ya kwanza na ya pili mbele ya wakwe. Nikabaki na shati langu lililokuwa linanipwaya. Wanawake wakaguna.

Nikasema, "Baba, mimi ndiye huyu. Hili koti ni la kaka yangu, baba yake binti mnayemtaka. Yeye alikaa kwenye sinia za watu wote mpaka mwisho. Hakumtukana mtu hata siku moja. Leo amelala, mkono haufanyi kazi, na Minza anamlisha kwa kijiko. Waliokuwa wanamsifu kwa kula hawajaja kushika kijiko hicho. Mimi nimekula chakula chenu mbele ya macho yenu na kimeniingia tumboni, kwa hiyo sijawashuku. Nimeshiba. Kama heshima yenu ni mpaka na mimi nianguke, basi heshima hiyo sitawapa, wala leo wala kesho."

 Mzee Seni akaanza kuomba radhi, Nkwabi akamnyamazisha kwa kiganja.

"Maneno umesema," akaniambia. "Lakini mimi natoa ng'ombe kwa watu wenye nguvu ya kuwatunza, na sijui kama unayo. Lori nililoagiza silileti. Kama una nguvu unazojivunia, waswage mwenyewe kwa miguu hadi Ngulyati. Ukishindwa njiani, ng'ombe wanarudi na binti anabaki kwenu."

Alidhani nitarudi kwenye sinia. Nikamjibu, "Fungua zizi."

Mwanangu, nilikwenda. Kabla ya hapo niliwaambia wenzangu wakae wale, nikanawishwa tena kama mtu anayeanza kula, ili wapate ruhusa ya kumaliza, maana ugomvi wangu haukuwa na nyama yao. Nikachukua fimbo, koti la Maduhu nikalitupia begani, nikaingia katikati ya ng'ombe. Baba yako Sayi hakuagizwa na mtu. Alichukua fimbo yake akaja nyuma yangu, na vijana wawili wa kwao wakatufuata, nadhani walitumwa kuja kushuhudia nikianguka. Tulivuka mbuga za udongo mweusi, tukavuka mchanga wa mto, dume moja likatusumbua na kutukimbiza kwenye miba. Tulilala njiani kwa jamaa zake Sayi, wakatupa viazi na maziwa, nikamwomba mwenyeji chumvi kidogo ya kulowekea miguu akacheka sana. Kuna mahali karibu na Bariadi niliketi chini nikafikiri sitanyanyuka. Sayi akaketi karibu yangu.  Nikakumbuka jinsi mwaka uliotangulia nilivyokuwa nikihema kutoka mlangoni hadi kwenye gari, nikaona haya kukaa, nikainuka.

Tulifika Ngulyati jioni, jua bado lipo. Minza alisikia kengele ya ng'ombe kabla ya watu wengine. Alimvuta baba yake nje na kiti, sijui nguvu alizipata wapi. Maduhu aliwatazama ng'ombe wakiingia zizini mmoja mmoja. Akanitazama mimi, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamletea koti lake, nikamwekea mapajani. Alilisukuma kwa mkono wake mzima, likaanguka chini. Akanigusa hapa, tumboni, akapapasa mahali tumbo lilipokuwa. Akasema, "Ee." Kisha akalia kwa upande mmoja wa uso, na mimi nikalia naye, na sikuona aibu.

Koti hilo bibi yako Holo alilikata. Mlipozaliwa wewe na Doto, vipande vyake ndivyo vilivyowafunika siku za baridi. Mzee Nkwabi alikuja kuwaona, akala kwangu ugali na mlenda, akanawa alipotaka kunawa. Hakuniomba radhi, wala sikumdai. Tulikuwa marafiki hadi alipokufa.

Sasa nasema na wewe. Ulinisimulia mwenyewe kwamba walipopita kupima presha huko ofisini kwenu yako ilikuwa juu, na ulisema huku unacheka. Ofisi ya mkoa na chumba ulichopanga vinaonana, lakini unapanda bodaboda asubuhi na jioni. Mchana chipsi mayai na soda, jioni kitimoto na bia na wenzako, halafu wanakuambia umependeza, kazi inakulipa. Usiwasikilize. Hakuna hata mmoja wao atakayeshika kijiko.

Jumatatu nenda hospitali wakupime tena presha na sukari, na wakikupa dawa uzimeze. Bodaboda ya kwenda kazini uiache. Jembe ninalo hapa, na palizi haijaisha, njoo mwisho wa wiki. Soda acha leo. Ugali sikukatazi, mimi ni Msukuma, lakini uupunguze, mboga zijaze nafasi. Usinunue unga wa kukata tumbo, usijinyime mpaka uzimie, na ukikosea siku moja usijihukumu, anza tena kesho. Itachukua muda mrefu. Watasema unaumwa. Waache waseme, na wewe uendelee kutembea.

Na Jumamosi nenda kwa wakwe, sikuzuii, Doto ni dada yako na huyo kijana anampenda. Kaa kwenye sinia. Mega, kula kwa heshima, sifu chakula chao, uwashukuru mama zetu waliopika. Ukishiba, omba maji. Wazee watakukodolea macho, na mmoja wao bila shaka atakunong'oneza urudishe mkono. Mwambie umetumwa na Masanja wa Ngulyati, na kama wana ng'ombe wa kuswagwa kwa miguu, babu yako bado ana fimbo na atakuja.

Babu yako Maduhu alikupakata, Kulwa, mara chache kabla hajatutoka. Alikupakata kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine aliuacha kwenye sinia za watu. Mungu akupe miaka mingi, akupe miguu ya kuitembelea, akupe moyo usiochoka na shingo ngumu mbele ya wanaokusifu. Akujalie watoto, na siku watakapozaliwa uwapakate kwa mikono yako yote miwili. Nenda, mwanangu. Kula, kisha unawe.